Daktari wa zamu alisema mume wangu anaigiza

Shikamoo Mama,

Naomba usitaje jina langu wala mtaa wangu, maana shemeji zangu ni wasomaji wako wakubwa. Nina miaka 29, mama wa watoto wawili, naishi Mwanza. Mume wangu ana miaka 34, ni fundi wa kuchomelea mageti na madirisha.

Mwaka jana, mwezi wa tisa, kijana aliyekuwa akimfundisha kazi alipigwa shoti pale karakana, mvua ikinyesha. Mume wangu ndiye aliyekimbilia kuzima umeme, na ndiye aliyembeba mpaka kwenye bajaji. Kijana hakufika hospitali. Tulikwenda kuzika kwao, mume wangu hakutoa chozi, na wiki ileile akarudi kazini kama kawaida.

Ilipofika Desemba akaanza kuanguka. Mara ya kwanza ilikuwa karakana, mwenzake amewasha grenda. Alikaa chini taratibu, akalala, akaanza kutetemeka mwili mzima. Anatikisa kichwa kulia na kushoto, macho ameyafumba kabisa, machozi yanamtoka. Inatulia, unadhani imekwisha, kumbe inaanza upya. Inaweza kuchukua robo saa hata zaidi. Akimaliza anakaa, anaomba maji, anaona aibu. Sasa inamtokea karibu kila wiki, hata nyumbani.

Januari, alfajiri moja, nilishtushwa na sauti kama ya mtu anayekabwa. Kuwasha taa, mume wangu amekakamaa, macho yako wazi yanatazama juu, midomo imepiga weusi. Kisha akawa anarusha mikono na miguu, muda mfupi tu, halafu akakoroma sana. Ulimi ulikatika pembeni, mto ukawa na damu, shuka likalowa. Mpaka jua linatoka alikuwa bado ananiuliza leo ni siku gani. Ndipo tukaenda kituo cha afya, wakaandika kifafa, akaanzishiwa vidonge vya kabamazepini. Mama mkwe akakumbuka kwamba utotoni aliwahi kupata degedege.

Vidonge anameza lakini kuanguka hakujapungua. Mwezi uliopita alianguka nyumbani usiku, ikazidi, nikakopa kwa wenzangu wa kikoba nikamkimbiza hospitali. Wakamchoma sindano, ikatulia, ikarudi. Wakamchoma nyingine, akaanza kupumua kwa shida, wakamwekea oksijeni. Zamu ikabadilika. Daktari kijana aliyeingia alimtazama, akaunyanyua mkono wake juu ya uso, akauachia. Mkono ukaangukia pembeni. Akarudia. Kisha akamminya kucha kwa kalamu mpaka mimi nikageuza uso. Akacheka na nesi, akasema, "Huyu hana kifafa, anaigiza. Haya mambo ni ya wasichana wa bweni. Mama, mpeleke nyumbani, kitanda kinahitajika." Wodi nzima ikawa inatutazama.

Kilichonimaliza ni njiani. Kwenye bajaji mume wangu aliniambia, "Nilisikia kila neno. Nilitaka kufungua macho nikashindwa." Tangu siku hiyo amesema hospitali hakanyagi tena.

Kaka yake mkubwa anasema kama daktari amekataa kifafa, basi dawa za nini, aziache. Anasema ni roho ya yule kijana inamdai, na Jumamosi ijayo apelekwe kwa mganga Shinyanga. Mama mkwe ananiangalia kwa jicho la pembeni, kama mimi ndiye niliyemfanya. Na mimi mwenyewe, Mungu anisamehe, usiku najiuliza: kama alisikia, basi kweli anaigiza? Na akianguka tena nimpeleke wapi, tukachekwe tena?

Mke Mwenye Mawazo, Mwanza

Jibu

Marahaba mwanangu. Pole sana, na ya baba watoto umfikishie siku atakayokuwa tayari kuipokea.

Unaniuliza kama mumeo anaumwa au anaigiza, kama dawa ziachwe, na akianguka tena ufanye nini. Nyuma ya hayo kuna shemeji na safari ya Shinyanga. Kuna na jambo jingine ambalo hukuliuliza, lakini ndilo lililonifanya niirudie barua yako: umenieleza mianguko ya aina mbili, na kila mtu hapo nyumbani anaizungumzia kama ni mmoja.

Itazame ile ya mchana. Anakaa chini taratibu, macho yamefumba, kichwa kinakwenda huku na huku, analia, inatulia na kurudi, inachukua robo saa, na akimaliza akili iko palepale. Sasa itazame ile ya alfajiri. Imemkuta usingizini, macho wazi, mwili umekakamaa kwanza ndipo ukarusharusha, midomo imepoteza rangi, imekwisha upesi, kukoroma, ulimi umekatika pembeni, na muda mrefu baadaye hajui siku. Mimi si daktari wake, na hakuna anayeweza kumpima mtu kwa barua. Lakini nikikaa na madaktari wa ubongo na kuwasikiliza, ya kwanza ndiyo wanayoielezea wanapozungumzia mianguko isiyo ya kifafa, ile inayotokana na mzigo wa kisaikolojia. Ya pili inafanana mno na kifafa.

Na mtu mmoja anaweza kuwa na vyote viwili. Katika tafiti mbalimbali, takriban mtu 1 hadi 2 kati ya 10 wenye mianguko isiyo ya kifafa hukutwa na kifafa pia. Kwa hiyo kituo cha afya kilichoandika kifafa na yule daktari wa zamu aliyekikataa, huenda kila mmoja alikuwa anatazama tukio tofauti. Jiulize tu: yule daktari aliwahi kusimuliwa habari za ile alfajiri? Usiku ule, kwa hofu uliyokuwa nayo, sidhani kama ulipewa hata nafasi ya kuisema.

Sasa hilo la kuigiza. Umeandika: kama alisikia, basi anaigiza? Mwanangu, ungeniruhusu ningelifuta neno "basi" katika sentensi hiyo. Watu wengi wenye mianguko hii husimulia alichokisimulia mumeo kwenye bajaji, kwamba walisikia na mwili haukutii. Ni kama mlango uliojifunga kwa upepo: mwenye nyumba yumo ndani, anasikia mnavyobisha, ila kitasa hakizunguki. Tena hata katika kifafa chenyewe ipo mishtuko inayokamata sehemu moja tu ya ubongo, na mgonjwa anabaki anasikia. Kusikia peke yake hakuthibitishi upande wowote.

Na ule mchezo wa kuuachia mkono juu ya uso? Mkono ukikwepa uso, kinachoonekana ni kwamba sehemu fulani ya ubongo bado inaulinda mwili. Hauonyeshi kama mtu amechagua kuanguka. Kuminya kucha kwa kalamu ndiyo kabisa. Maumivu hayatenganishi kifafa na kisicho kifafa, na wapo waliobaki na makovu kwa majaribio ya namna hiyo. Hapo sina cha kumtetea daktari yule, wala kicheko chake. Na hilo la wasichana wa bweni: ni kweli wengi wanaokutwa na hali hii ni wanawake, karibu robo tatu. Hiyo robo inayobaki ni wanaume, na baadhi yao wamebeba mtu aliyekufa mikononi mwao.

Ila nataka kuwa mwadilifu kwa watu wa dharura. Kazi ya kuyatenganisha haya mawili saa nane za usiku, mgonjwa anatetemeka na ndugu wanapiga kelele, ni ngumu kuliko tunavyofikiri. Mwaka 2019 Marekani yalichapishwa matokeo ya utafiti mkubwa kuhusu wagonjwa ambao degedege lao lilikataa kusimama hata baada ya sindano ya kwanza. Mafaili yalipopitiwa baadaye, takriban mmoja kati ya kumi alionekana kuwa hakuwa na kifafa wakati ule, bali mianguko ya aina hii. Hizo ni hospitali zenye vifaa vyote. Ndiyo maana na mumeo alichomwa mara mbili: kama kweli ingekuwa kifafa kilichozidi dakika 5, kuchelewesha sindano kungeweza kumdhuru ubongo au kumuua. Upande wa pili wa shilingi umeuona mwenyewe, pumzi ilipoanza kukata. Dawa zile, diazepamu na ndugu zake, hushusha upumuaji, na anayechomwa tena na tena kwa kitu ambacho si kifafa anaweza kuishia kwenye mashine ya kupumulia bila sababu.

Utasikia watu wakikupa alama moja ya kukata mzizi wa fitina. "Kama amejikojolea ni kifafa." Hapana, mkojo hutoka katika hali zote mbili. "Kama ameumia ni kifafa." Nayo hapana. Ulimi ulioumwa pembeni una uzito zaidi, macho yaliyofumba kwa nguvu yana uzito wake, na tukio linalovuka dakika mbili bila kupoa nalo linaongeza shaka kwamba si kifafa. Lakini madaktari wazuri huzijumlisha alama, hawaamui kwa moja. Kipo hata kipimo cha homoni ya prolaktini, ila damu inatakiwa ichukuliwe kati ya dakika 10 na 20 baada ya tukio. Kwa bajaji za Mwanza na foleni ya mapokezi, hicho tukiache.

Kipimo kinachoaminika kuliko vyote ni kurekodi umeme wa ubongo, EEG, pamoja na video, wakati tukio lenyewe linatokea. Si kila hospitali inacho. Ile EEG ya kawaida ya nusu saa, siku ambayo hajaanguka, ikitoka safi msiseme kifafa hakuna. Wengi wenye kifafa hutoka safi mara ya kwanza. Kwa hiyo shahidi mkubwa wa mumeo kwa sasa ni wewe na simu yako. Mwombe ruhusa kwanza, siku akiwa ametulia, kwa sababu ameshaaibishwa vya kutosha. Akikubali, rekodi tangu mwanzo kadiri uwezavyo, uso uonekane, macho hasa, na saa iseme ilianza lini ikaisha lini. Video ya dakika mbili imewahi kumwonyesha daktari bingwa kile ambacho faili la mwaka mzima halikukionyesha.

Kuhusu vidonge, hapa naomba unisikilize kwa makini kuliko popote. Kabamazepini haizuii ile mianguko ya mchana kama kweli si ya kifafa, na ndiyo maana hujaona nafuu. Lakini huenda ndiyo inayoizuia ile ya alfajiri, maana hujaniandikia kwamba imerudi. Mwenye kifafa akikatisha dawa ghafla, kifafa kinaweza kurudi kwa kishindo, mishtuko ikapandana bila kukoma. Dawa ikitakiwa kuachwa itashushwa kidogo kidogo na aliye na ushahidi mkononi. Shemeji yako anampenda mdogo wake, sina shaka. Lakini kauli ya daktari aliyemwona kwa muda mfupi, tena katika tukio la aina moja tu, ni nyembamba mno kuitegemea kwa hilo.

Akianguka tena je? Kwanza hapo nyumbani: ondoa vitu vigumu na moto, mlaze ubavu, usimkandamize, usimtie kijiko wala kitu chochote mdomoni, watoe watazamaji, tazama saa. Ikiwa ni ile ya mchana, zungumza naye kwa sauti ya chini, maana unajua anakusikia. Ikiwa ni ile ya alfajiri na imevuka dakika 5, au imerudi kabla hajazinduka, au ameumia, au pumzi haiendi vizuri, hapo hakuna mjadala wa kuchekwa au kutochekwa, twende hospitali.

Penye ugumu ni ile ya robo saa. Ukikimbia nayo kila wiki, kuna deni la kikoba, kuna sindano, kuna aibu, na kila safari inamkandamiza zaidi. Ukibaki nayo nyumbani, kuna siku utadhani ni ileile kumbe ni nyingine. Kuna familia ambazo, baada ya daktari kuthibitisha aina ya tukio, huandikiwa mpango kabisa: ya namna hii mhudumieni nyumbani, ya namna ile mleteni. Ninyi hamjafika hapo bado. Mpaka mfike, ningekuwa mimi, ukiwa na shaka ningekwenda.

Ukienda, nenda na karatasi. Iandike leo, uikunje kwenye pochi pamoja na kadi yake ya kliniki: kwamba ana matukio ya aina mbili na kila aina inavyoonekana, hili la leo ni la aina gani na limeanza saa ngapi, anatumia kabamazepini kiasi gani, na kwamba mara iliyopita baada ya sindano ya pili alipumua kwa shida. Mpe anayempokea kabla hajauliza chochote. Waombe wampime sukari na oksijeni, vitu vya dakika moja, kwa sababu sukari ikishuka nayo inaangusha watu. Wakikwambia "anaigiza", hulazimiki kugombana. Uliza tu: "Na ile ya ulimi kukatika usingizini, daktari, tuifanyeje?" Swali hilo peke yake linaweza kumrudisha kwenye kiti.

Nje ya dharura, omba rufaa kwa daktari wa ubongo na mishipa ya fahamu, na kwa kliniki ya afya ya akili pia, zote mbili. Mtu mzima aliyeanza kuanguka akiwa na miaka 34 anastahili pia kupigwa picha ya kichwa. Waulize kama ilifanyika. Najua jina "afya ya akili" litawashtua mama mkwe na wengine. Nawe usilipokee kama hukumu ya uchizi. Tiba kuu ya mianguko isiyo ya kifafa ni kueleweshwa vizuri na mazungumzo na mtaalamu. Sitakudanganya kwamba ni dawa ya wiki moja. Uingereza walifanya utafiti kwa watu 368, matokeo yakatoka mwaka 2020: baada ya mwaka, waliopata tiba ya mazungumzo idadi ya mianguko yao haikupishana sana na waliopata huduma ya kawaida, lakini maisha yao kwa ujumla yalikuwa yamepata unafuu, na mianguko haikuwasumbua sana kama ilivyowasumbua wale wengine. Wengine huanza kupungukiwa siku wanapoelewa tu ni kitu gani.

Wakati huohuo kuna kazi yake. Bado anapanda ngazi kufunga mageti? Anaendesha pikipiki? Anaoga ziwani? Hayo yasubiri, na kwenye grenda asiwe peke yake. Hili najua linagusa mkate wa watoto, na pengine kuna kazi za mezani pale karakana, kupima, kukata hesabu, kuongea na wateja, ambazo wenzake wanaweza kumwachia. Ninyi mnaijua karakana yenu kuliko mimi.

Tumfikie shemeji na Shinyanga. Sitakwambia usiende wala nenda. Ninaona kitu katika maneno ya shemeji: naye ameona kwamba haya yalianza baada ya kijana kufa. Anakiita roho inayodai, wataalamu wanakiita jeraha la tukio la kutisha, lakini wote wawili wanamtazama yuleyule aliyelala pale kwenye maji ya mvua. Huenda huo ndio mlango wa kuongea na shemeji bila vita. Mkiamua kwenda, kuna ya kuyakubaliana kabla ya kupanda basi: vidonge vinakwenda naye na anavimeza kwa saa zake, hafungwi kamba, hafukizwi moshi akiwa ameanguka, hachanjwi, na hapewi dawa ya kunywa isiyojulikana juu ya kabamazepini. Mganga akikataa hayo, mtakuwa mmepata jibu lenu. Ikitokea anachokifanya ni kumkalisha mumeo amtaje yule kijana, na ndugu wakamsikiliza, sioni ubaya wake. Hatari yake ni gharama, na zaidi ya hapo ni wiki mtakazozipoteza kabla ya kuifuata rufaa.

Na hofu ya mama mkwe kukutilia shaka, sidhani kama utaimaliza kwa kujitetea. Mpe kazi. Yeye ndiye anayelijua lile degedege la utotoni: alikuwa na umri gani, alikuwa na homa, ilichukua muda gani. Daktari bingwa atayauliza hayo, na hakuna mwingine wa kuyajibu. Mwambie unahitaji aende nanyi.

Limebaki la mumeo kukataa hospitali. Ana sababu, na kumlazimisha au kumpeleka kwa hila kutamthibitishia kwamba hata wewe umeungana na wale waliocheka. Labda mwanzo usiwe hospitali. Siku moja mkiwa wawili, watoto wamelala, mwambie kwamba unaamini hakuigiza. Kama bado una shaka, usiseme hilo. Mwambie unaamini alisikia na kwamba ilimwuma, maana hilo hulitilii shaka. Kisha mwulize kuhusu yule kijana, jina lake, alikuwa fundi wa namna gani. Huenda asijibu siku hiyo. Ukiona ameanza kuongea, mwache amalize, rufaa mtaizungumza asubuhi. Na ukisikia maneno ya kutaka kujidhuru, au "bora nimfuate", usisubiri asubuhi wala Jumamosi: usimwache peke yake, na mpelekeni hospitali usiku huohuo, wewe na shemeji, na karatasi ile mkononi.